Ubao Mfupi

Meza ni sita tu, na moja ina mguu mbovu.
Tulipewa ya dirishani, katika nyumba ya bwana wa kwinini,
juu ya Bukavu, njia ya Kabare, ambako ukungu
huingia bila hodi, kama mtu wa nyumbani.
Ziwa hulioni usiku. Unaona taa za ng'ambo,
halafu umeme unakatika, unaona mshumaa.

Nilimleta baba. Akiba ya miezi minne,
hata soksi nilimnunulia.
Nikamwambia: leo, muzee, utakula kama mgeni.
"Ee," akajibu, kwa sauti ya mtu anayesikiliza kitu kingine.

Alikuwa anasikiliza sakafu.

Nshokano, kijana wa meza, alileta sambaza za kukaanga,
zimepangwa duara, mikia nje, ndimu katikati,
na kila alipokanyaga, baba aligeuza sikio.
"Kule. Karibu na meko. Hapana, mbele kidogo."

Supu ya maboga ikaja, ikapoa.
Akaja sungura ndani ya mchuzi wa kasiksi,
na ugali wa muhogo uliokatwa vipande vidogo
kama sabuni za hotelini. Nikacheka;
mama angekuwepo angeuliza ugali wenyewe uko wapi.
Baba hakucheka. Alikunja leso mara nne,
akaiweka sawasawa na ukingo wa meza,
akashuka kitini, akapiga magoti.

Watu wa meza ya tatu wakanyamaza na keki yao.
Niliona haya, kusema kweli.
Nikaona soli za viatu vyake, soksi mpya zimeteremka,
miaka themanini na minne juu ya magoti mawili,
anatambaa na mshumaa kati ya miguu ya watu,
anagonga, anahesabu kutoka ukutani:
ko. Ko. Ko.
Ko.
Kisha: ku.

"Njoo. Weka kidole."
Nikaweka. Kati ya ubao wa libuyu na ukuta, mwanya
wa upana wa kidole changu cha mwisho, umejaa nta na vumbi la mbao.
"Nilipima asubuhi, nikakata mchana, na njaa.
Miaka kumi na sita nilikuwa nayo.
Njaa ilikula sentimita moja."

Bwana aliupata mwanya kwa ncha ya fimbo.
Akaandika daftarini: faranga ishirini.
"Mimi nilikata ubao, yeye akakata mshahara."
Usiku baba alirudi na nta ya nyuki ya dada yake,
akaziba, bila malipo, kwa sababu usingizi ulikataa.

Baadaye walilala humu askari wa majeshi yasiyo na hesabu.
Walichoma milango, wakachoma na ngazi.
Sakafu iligoma.

Mama Namegabe akatoka jikoni, mikono ina unga.
"Kumbe ni wewe! Fundi wangu anasema
mwanya huu ndio umeokoa chumba:
mvua ikinyesha mbao zinavimba, zinapata pa kupumulia."
"Uongo," akasema baba, bado yuko chini. "Kosa ni kosa."
Lakini akarudi kitini, akala vyote,
supu ya baridi, sungura, mpaka ndimu.

Hesabu ilipokuja aliomba kalamu.
Chini ya jumla akaandika, herufi za shule ya mapadri:
*Toa faranga ishirini.*
Siku hizi hizo hazinunui hata pipi; noti yenyewe haiko.
Nshokano akanitazama. Mimi nikatazama mshumaa.
Mama Namegabe akasoma mara mbili, akatoa,
akasaini, akaandika tarehe,
akapiga na muhuri.

Ndani ya teksi, kwenye ukungu, karatasi iko mfukoni mwa shati,
nikamuuliza chakula kilikuwaje.
Akafikiri mpaka kona ya pili.
"Chumvi," akasema, "ilikuwa fupi kidogo."